Maharage Kumi ya Mama

Kuala Lumpur

Asalaam aleikum, Mama, na shikamoo. Goti bado linakusumbua? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Kila nikipiga simu unasema biashara ipo, Alhamdulillahi. Mama, nimeangalia ile programu ya kupanga safari za malori niliyowatengenezea. Jina lako limekaa wiki tatu bila tenga hata moja la nyanya. Nikambana dada Mariamu mpaka akasema: umefunga kibanda, nyanya ulizonunua kijijini Kwapa zilikuozea mjini Tororo zikingoja lori lijae.

Kosa ni langu. Nilipokuja kuuliza kila upande unataka programu ifanye nini, wenye malori walitaka lori lisiondoke mpaka lijae. Nyinyi wauza nyanya mlitaka liondoke alfajiri, lijae lisijae. Nikajitia ujuaji. Nikawapa kila upande maharage kumi, myagawe kwenye matakwa yale kadiri mnavyoyahitaji, kisha niyatie kwenye hesabu inayochukulia mvutano wa watu kama mchezo, itafute mahali ambapo hakuna atakayefaidika kwa kuvuta peke yake.

Wenzako walikuachia wewe uweke. Ukaniuliza, "Sasa mimi naweka ile roho yangu inataka, ama ile iko haki?"

Nikajibu, "Weka haki, Mama."

Ukaweka sita kwenye alfajiri, manne ukawapa wenye malori. "Hata hao iko na watoto," ukasema. Wao wakarundika yote kumi kwenye lao.

Niliona, Mama. Hesabu hiyo nimeisomea, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba watu hutia chumvi wakijua wanapimwa. Neno langu moja lingetosha uyarudishe yale manne. Lakini niliogopa watasema nampendelea mama yangu, nikanyamaza, na programu ikafuata ya wenye malori. Naona haya hata kuandika.

Juzi nilikiri kwa mkubwa wangu wa kazi kwamba hesabu ile ina kasoro na nilijua. Kanijibu papo hapo: programu inakwenda vizuri, hakuna mtumiaji hata mmoja aliyelalamika.

Nisalimie dada Mariamu, umwambie sikumkasirikia kwa kunificha. Nisalimie baba mdogo Juma, fundi wetu wa baiskeli, na bibi kule Buteba.

Nawe nakuomba ulalamike, Mama. Kwa jina lako, kwa sauti, na usimwonee mtu huruma, hata mimi.

Mwanao,
Twaha