Nilipandisha Moto wa Chelagat

Jumatatu, saa kumi na mbili jioni. Mvua imenyesha tangu tukiwa kwenye somo la mwisho, na kutoka shuleni hadi hapa nyumbani Lanet viatu vyangu vimekuwa tope tupu. Sijavivua. Nimeketi mezani na koti langu, chai imepoa mbele yangu, na ninachotaka kuandika leo si mapishi.

Nina wivu. Nimeutafutia jina lingine tangu juzi, nimekosa.

Mnaosoma hapa mnanijua kwa biskuti za nankhatai, kwa keki ya iliki, kwa bhajia za viazi. Juu kabisa ya blogu hii niliandika kwamba mapishi haya ya Kihindi nilifundishwa na mama yangu, aliyepikia familia moja ya Kihindi hapa Nakuru kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwamba alipika huko ni kweli. Kwamba alinifundisha ni uongo. Mama hakuwahi kunifundisha hata kupima majani ya chai. Ninachojua nilikitoa kwenye video za watu nisiowajua, na kwa kuunguza sufuria.

Nilipokuwa mdogo, kila nikisogelea jiko alinifukuza. "Nenda ukasome." Nikasoma, nikawa mwalimu. Baadaye nikajiambia kwamba Mama ni mmoja wa wale watu ambao mikono yao inajua lakini mdomo hauwezi kueleza. Nikalikubali hilo, nikaishi nalo vizuri tu.

Hadi Jumamosi.

Jumamosi tulimfanyia Mama sherehe ya kutimiza miaka sabini, hapa kwangu. Ndugu wachache, na wamama wa kikundi chake cha kanisa. Nilianza kupika Ijumaa: keki ya ghorofa mbili yenye iliki na korosho, chevda ile ya kutafuna yenye karanga na pilipili, samosa za dengu. Asubuhi kaka yangu mdogo, Kimani, akafika kutoka Sachangwan na mkewe Chelagat. Walikuja na Mama, maana amekuwa akikaa kwao tangu alipofanyiwa upasuaji wa goti. Chelagat alikuwa amekumbatia bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na maziwa ya ng'ombe wao, aliyoyachemsha na kuyakoroga siku nzima hadi yakawa donge zito, la rangi ya siagi.

"Mama Shiru, naomba tu kakona kamoja ka jiko," akaniambia. Shiru ni binti yangu, yuko bweni. "Nataka kutengeneza gulab jamun. Mama amenionyesha."

Amenionyesha.

Gulab jamun ni vile vimipira vya maziwa na unga kidogo vinavyokaangwa, kisha kulowekwa kwenye shira ya sukari na iliki. Nimevijaribu mara nne maishani. Mara zote vilipasuka ndani ya mafuta. Sijawahi kuviweka kwenye blogu.

Nilidhani Mama ataketi sebuleni kama mwenye sherehe. Badala yake akaingia jikoni na fimbo yake, akasimama kando ya Chelagat. "Usifinye hivyo. Legeza mkono. Ikibaki na ufa hata mdogo, itapasuka." Akaushika mkono wa Chelagat, akauzungusha ndani ya wake. Kitu fulani kikawachekesha wote wawili. Na mimi nilikuwa hapo na sinia la samosa, jikoni mwangu mwenyewe, nikipita katikati yao nikisema "samahani."

Nina miaka arobaini na mbili. Nilitaka kulia kama mtoto aliyenyimwa.

Wageni wakaanza kufika. Mama akaitwa nje kupigwa picha, akamvuta Chelagat waende pamoja. Vimipira vya kwanza vilikuwa tayari kwenye mafuta.

"Nishikie hapa kidogo tu," Chelagat akaniomba huku akijifuta mikono. "Moto usipande, Mama Shiru. Vinataka moto wa chini kabisa, viive ndani."

Nikasema sawa.

Nilisimama pale nikivitazama vikielea, vya mviringo, bila ufa hata mmoja. Kutoka dirishani niliona Mama ameegemea bega la Chelagat, mpiga picha akiwaambia wasogeane zaidi. Hakuna aliyeniita.

Nikazungusha kidude cha gesi. Kidogo tu.

Ningependa kuandika kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya. Nilijua. Mafuta yakachangamka, vimipira vikashika rangi haraka, vikawa vya hudhurungi ya kupendeza. Nikavitoa, nikatia vilivyobaki. Navyo vikawa hivyo hivyo. Kisha nikashusha moto. Chelagat aliporudi alipiga makofi. "Ai, vimetoka vizuri! Asante sana." Akavitia kwenye shira, akanikumbatia kwa mkono mmoja.

Tulivipeleka mezani baada ya keki. Mwenyekiti wa kikundi ndiye aliyeuma wa kwanza. Akaacha kutafuna. Akachukua tishu, akageuka pembeni. Mama mwingine alikata chake kwa kijiko, na unga mbichi mweupe ukaonekana ndani, unanata. Mtu akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Si angeacha tu vipikwe na Mama Shiru." Wengine wakacheka ile ya kanisani, ya kufunika mdomo.

Chelagat alisimama na bakuli mikononi. Shingo yake ilibadilika rangi.

Mama alikula chake chote. Akaomba kingine, akakila chote pia. Kisha akaniangalia, mimi, si Chelagat.

Na je, nilifurahi? Naomba nijibu kwa ukweli kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Ndiyo. Kama dakika mbili. Watu walirudi kwenye keki yangu, wakaisifu, nami nikasema asante, asante. Halafu nikamwona Chelagat kwenye sinki, anamwaga shira polepole ili isisikike.

Jana baada ya kanisa Kimani na mkewe walikwenda kuona jamaa mjini, tukabaki wawili na Mama, tukimenya maganda ya minji. Mama hajui kuzungukazunguka.

"Ule moto wa Chelagat ulipandishwa na nani?"

Nikaendelea kumenya.

"Nimekaanga vile vitu tangu kabla hujazaliwa," akasema. "Najua vikikosewa kwenye unga, na najua vikikosewa kwenye moto. Unga ulipokandwa nilikuwepo."

"Ni mimi, Mama."

Nilitarajia anigombeze. Hakunigombeza, na hapo ndipo mimi nikamgombeza yeye. Nilimwuliza kwa nini. Kwa nini mke wa Kimani, na si mimi niliyemzunguka miguuni miaka yote ile nikitamani hata kupewa unga wa kuchezea. Sauti yangu ilipanda hadi nikaona aibu.

Mama akaweka bakuli chini. Akageuka kusema Kikuyu, kama afanyavyo akitaka nisikie vizuri. Nakiandika hapa kwa Kiswahili.

"Ulikuwa na miaka sita. Shule zimefungwa, nikakubeba kazini. Ulikaa chini ukinisaidia kuviringisha, na ulikuwa na mkono mzuri, mzuri kuliko wangu. Yule mama mwenye nyumba akaingia, akakutazama, akafurahi. Akaniambia, 'Huyu ndiye atachukua nafasi yako ukizeeka.' Hakuwa na ubaya. Alidhani ananipa zawadi. Usiku huo sikulala. Kuanzia kesho yake sikutaka kukuona karibu na jiko."

Sikuwa nakumbuka siku hiyo. Hata sasa sikumbuki.

"Chelagat hakuna atakayemwambia hivyo," akaendelea. "Anapika kwake, kwa maziwa ya ng'ombe wake."

"Na nilipokuwa mtu mzima? Nikiwa tayari mwalimu? Ungeogopa nini tena?"

Mama akarudisha bakuli mapajani. "Hukuniuliza. Ulikuwa unakuja na keki, unaniambia nionje. Nilionja. Chelagat aliuliza."

Ninaelewa. Nimeelewa kila neno, na nimemwonea huruma yule mwanamke kijana aliyekosa usingizi kwa sababu ya sentensi moja. Lakini kuelewa hakukuuondoa wivu. Uliongezeka. Kwa sababu sasa najua nilikuwa na mkono mzuri, na mkono wa mwingine ndio ulioshikwa.

Leo asubuhi wamerudi Sachangwan, Mama akiwa nao. Chelagat aliniaga kwa heshima zote, na mimi sikuweza kusema kitu mbele ya Kimani. Nimempigia Chelagat simu saa kumi, kutoka kwenye chumba cha walimu, wenzangu walipotoka.

"Chela, Jumamosi ni mimi nilipandisha moto. Kwa makusudi. Naomba unisamehe."

Nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Nilikuta kidude kimesogea," akasema hatimaye. "Nikajiambia labda ulikuwa unanisaidia viive haraka. Nimejiambia hivyo siku mbili, Mama Shiru. Ningeendelea kujiambia."

"Najua."

"Hapana, hujui. Wale wamama walinicheka. Nilikuwa nataka siku moja tu waache kuniita yule wa Kimani. Usimwambie Kimani, kwa sababu yeye hatakusamehe. Mimi bado najaribu. Lakini wale wamama waambie. Kunivunja kulikuwa mbele yao, kunirudisha kuwe mbele yao pia."

Nikasema nitawaambia. Na hapo, nyuma ya sauti yake, nikamsikia Mama akiuliza iliki imewekwa wapi. Palepale, bado nina neno pole mdomoni, wivu ukanipanda tena.

Kwa hiyo nimeandika. Nimeshafuta ile sentensi ya juu ya blogu. Makala hii nikiimaliza nitaituma kwenye kundi la wamama, jina langu likiwepo na la Chelagat likiwa safi, na nitampigia mwenyekiti mwenyewe ili asiseme hakuiona. Wataongea. Waongee. Kimani naye ataisikia kabla ya wiki kwisha, najua, kwa hivyo afadhali nimwambie mwenyewe kesho, hata kama Chelagat aliniomba nisimwambie. Hilo nalo nitamwambia Chelagat kwanza.

Shule zinafungwa Ijumaa. Nataka kwenda Sachangwan. Swali ninaloogopa si kama watanifungulia mlango. Ni kama nitaweza kuketi kwenye jiko la Chelagat, nimwone Mama akimshika tena mkono, na nikae nimetulia.

Sijui. Leo nisingeweza.