Koti la Mvua ya Mawe la Marehemu Walubengo

UMOJA WA WENYE MAVAZI YA NGUVU, KITALE NA BUNGOMA

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika nyumbani kwa Mwenyekiti, Malakisi, Jumamosi tarehe 19 Mei 1951, kuanzia saa nane na dakika ishirini mchana. Kikao kilikuwa kimeitwa saa saba. Mwandishi alifika saa saba, na yeye ndiye aliyetoka mbali kuliko wote, Kitale, kwa baiskeli.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Jairus Wakhungu, Mwenyekiti (kofia ya kuita ng'ombe waliopotea)
2. Mama Sellah Wabwile, Mtunza Sindano (aproni ya kufanya birika moja la chai litoshe wageni wote)
3. Bw. Kipketer, Mjumbe kutoka mlimani (blanketi la kutuliza nyuki)
4. Bw. Mukhisa, Mjumbe (buti za kuvuka mto uliofurika)
5. Bw. Mbugua, Mwandishi (tai ya kuandika yaliyosemwa)

ALIYEALIKWA, BILA KURA
Mama Lenah, mjane wa marehemu Walubengo aliyekuwa mwenye koti la kuzuia mvua ya mawe.

ASIYEHUDHURIA
Bw. Nderitu wa Kitale, kwa udhuru. Soksi zake za kutochoka zimetoboka kisigino na alisema hawezi kutembea hadi Malakisi kama watu wa kawaida.

KUMB. NA. 1/5/51: KUFUNGUA KIKAO

Mama Sellah aliomba. Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwapa pole ya safari. Kabla hajamaliza, ng'ombe watatu wasio wake walifika dirishani. Mama Sellah alimwomba avue kofia. Mwenyekiti alieleza kwamba kofia inamkaa vizuri na nyumba ni yake. Ng'ombe wa nne alipoingiza kichwa ndani, kofia ilivuliwa na kuwekwa chini ya kiti.

KUMB. NA. 2/5/51: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KITALE, FEBRUARI

Zilisomwa. Bw. Mukhisa aliomba yafutwe maneno aliyosema Februari, kwamba Mwandishi ni karani wa kinu anayejifanya hakimu. Mwandishi alieleza, kwa mara ya tatu sasa, kwamba akiwa na tai hii shingoni mkono wake hauwezi kuacha lililosemwa wala kuongeza lisilosemwa, na ndiyo sababu Umoja ulimpa kazi hii. Bw. Mukhisa alisema basi avue tai. Mwandishi hakuvua. Kumbukumbu zilithibitishwa zilivyo.

KUMB. NA. 3/5/51: MALALAMIKO YA BW. KIPKETER

Bw. Kipketer alieleza kwamba tarehe 28 Aprili mvua ya mawe iliharibu nusu ya mahindi yake huko mlimani. Katika miaka kumi na moja ambayo marehemu Walubengo alivaa koti, hakuwahi kupoteza hata bua moja. "Mimi si mtu wa maneno mingi," alisema, kisha akaongea kwa muda mrefu. "Mawe ilianguka kwa shamba yangu tu. Kwa jirani yangu Cheptoo hakuna hata jani moja imetoboka. Tumegawanyika na ua peke yake. Sasa hiyo ni mvua gani?"

Alisema alipima kwa hatua zake. Sehemu iliyoharibika ilikuwa na mpaka ulionyooka kama upindo wa suruali.

Mama Sellah aliuliza koti limefanywa nini.

Mama Lenah aliomba ruhusa ya kusema. Alipewa. Alieleza kwamba mwezi wa Machi alilipunguza kwa mkasi. Alikata mkono wa kushoto upana wa kiganja kimoja, na akaingiza mshono wa kwapani pande zote mbili.

Palikuwa na kelele kidogo. Bw. Mukhisa, ambaye ni mdogo wake marehemu, alisema, "Koti ya ndugu yangu si nguo ya kupunguza-punguza kama sare ya shule, bana." Mwenyekiti aliomba utulivu na kuwakumbusha wajumbe kwamba kanuni inakataza mtu yeyote kukata vazi la nguvu isipokuwa Mtunza Sindano.

Mama Lenah alisema kanuni hiyo hakuwahi kusomewa, maana hakuwahi kuitwa kikaoni. Mwenyekiti alikubali kwamba ni kweli.

Kisha mama alieleza yaliyotokea. Tangu mumewe afariki mwaka juzi, kila wingu jeusi likitokea watu humwita yeye aende kusimama uwanjani na koti. "Mara tatu nilivaa vile aliacha," alisema. "Mkono ya kushoto inafunika vidole, mabega inaanguka. Mara tatu nikasimama huko nje kama nguo kwa kamba, na mawe inanipiga, na majirani wanatazama. Hakuna mtu aliniambia shida ni nini. Ndio nikachukua makasi. Mara ya nne, mawe ikaacha Malakisi yote."

Mwenyekiti aliuliza wajumbe kama wanakumbuka hiyo mara ya nne. Wote waliikumbuka. Ilikuwa siku ya harusi ya binti yake Mwenyekiti.

KUMB. NA. 4/5/51: KUKAGULIWA KWA KOTI

Koti liliwekwa mezani. Ni la sufu ya kahawia, la kijeshi, vifungo sita, kimoja si cha asili.

Mama Sellah alilikagua kwa macho na kwa vidole. Alieleza, kwa faida ya wale wanaovaa bila kuelewa, kwamba nguvu ya vazi ina mambo mawili. La kwanza, humfanyia kazi yule ambaye mwili wake unalijaza. Likining'inia au lisipofungika ni kitambaa tu. La pili, nguvu hufika mbali kadiri ya kitambaa kilichomo. Mkono wa kulia wa koti hili unashika Malakisi na bondeni. Mkono wa kushoto unapanda mlimani, na kile kiganja cha mwisho kabisa ndicho kilichokuwa shamba la Bw. Kipketer.

Bw. Kipketer alishukuru kwamba hatimaye ameelezwa.

Mama Sellah aliendelea kwamba kosa halikuwa kupunguza. Kosa lilikuwa kukata badala ya kukunja. Mkono ungekunjwa kwa ndani na kushonwa, koti lingemtosha mama na mlima ungebaki ndani ya koti. Mtu asiyefundishwa angejuaje? Kisha alisema jambo kwa sauti ya chini. Mwenyekiti alimwomba arudie. Alirudia kwamba mshono wa kwapani ni mzuri kuliko anavyoshona yeye.

Aliuliza kipande kilichokatwa kiko wapi. Mama Lenah alikitoa ndani ya kitambaa cha kichwa. Alikuwa amekihifadhi tangu Machi kwa sababu, kama alivyosema, kitu cha marehemu hakitupwi. Bw. Mukhisa alitazama pembeni.

Chai ilitolewa kutoka birika moja na ikatosha watu sita, na wengine walirudia mara tatu. Wakati wa chai Mama Sellah alikishona kipande hicho ndani ya mkono wa kushoto, kikiwa kimelala juu ya bitana. Alimwita Mama Lenah aje ashike upande wa pili. Walishona pamoja na kucheka jambo ambalo Mwandishi hakulisikia, kwa hiyo halimo humu.

Bw. Kipketer alisema yeye sasa hana neno. Aliongeza kwamba ataleta debe la asali, na kwamba aliposema barazani huko mlimani kuwa mama huyo anauza mvua, alikuwa na hasira.

KUMB. NA. 5/5/51: NANI ARITHI KOTI

Mwenyekiti alieleza kwamba kwa desturi vazi huenda kwa ndugu wa damu. Ndugu ni Bw. Mukhisa. Kwa upande mwingine, aliyekuwa akifanya kazi ni Mama Lenah. Alisema jambo hili ni zito na angependa liangukie mwenyekiti mwingine.

Bw. Mukhisa alidai koti. Mama Sellah alimkumbusha kwamba mtu mmoja ni vazi moja, na akichukua koti atarudisha buti. Bw. Mukhisa alisema atarudisha. Aliulizwa mto Nzoia ukifurika nani atavusha wagonjwa. Alijibu kwamba hilo litaangaliwa.

Aliombwa kulijaribu koti. Aliingiza mikono kwa shida. Vifungo havikukutana, vilikaa mbali kwa upana wa ngumi mbili. Alisema koti linaweza kufunguliwa mishono. Mama Sellah alikubali kwamba linaweza, lakini akasema itakuwa dhambi.

Mama Lenah alimuuliza moja kwa moja: "Shemeji, wewe unataka kusimama kwa mvua?"

Bw. Mukhisa alinusa kola ya koti. Kisha alisema hapana, mvua hata haipendi. Alisema koti bado lina harufu ya kiko cha kaka yake, na hakuna kitu kingine cha kaka yake kilichobaki nje ya nyumba ya huyu mama, na yeye huona haya kuingia huko kila siku kama mtu aliyepoteza kitu. Aliomba hayo yasiandikwe.

Mama Lenah alisema na yeye ana yake ya kusema. Watu wakiona wingu wanatuma mbio, ati "mwambieni yule wa koti aje". Wingu likienda hakuna anayemjua. Hata leo amekaa nyuma ya mlango kwa nusu saa akisubiri kuitwa, na koti lilikuwa ndani tayari, juu ya kiti. Kama ni la Mukhisa, apewe Mukhisa, na yeye arudi kulima kwa amani. Kama ni lake, aambiwe ni lake, kwa mdomo, mbele ya watu. Hawezi tena kulivaa kama mtu aliyeazima.

Kura ilipigwa. Mama Sellah alitaka libaki kwa Mama Lenah. Bw. Kipketer alisema anampenda mama lakini desturi ni desturi, akampa Bw. Mukhisa. Bw. Mukhisa, akiwa mhusika, hakupiga kura. Mwandishi kwa kanuni hapigi kura, na ilimuuma siku hiyo kuliko siku nyingine. Uamuzi ulibaki kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alipendekeza jambo liahirishwe hadi kikao cha Kitale mwezi wa Agosti, na koti likae kwenye sanduku lake mpaka hapo. Aliulizwa mawe yakija Juni itakuwaje. Alisema Mama Lenah ataitwa kusaidia.

Mama Lenah alisema hatakuja.

Mwenyekiti alikuwa akieleza maana ya neno kuahirisha wakati mvua ya mawe ilipoanza. Saa ilikuwa tisa na dakika hamsini. Bati lilipiga kelele hata Mwandishi akalazimika kusogea katikati ya chumba ili asikie. Mawe yalikuwa makubwa kama mbegu za parachichi. Tumbaku ya Mwenyekiti ni ile inayoanzia dirishani kwenda hadi barabarani, na ilikuwa imebakiza wiki mbili kuvunwa.

Bw. Mukhisa, ambaye koti lilikuwa bado mwilini mwake, alitoka mbio bila kuagizwa. Alisimama uwanjani, akafungua mikono kama inavyotakiwa. Mawe yaliendelea. Alirudi baada ya muda mfupi akiwa na nundu kwenye paji la uso na mifuko yote miwili imejaa barafu.

Mwenyekiti alisema, "Mama, tafadhali, toka."

Mama Lenah alisimama. Hakwenda mlangoni. Aliuliza, "Nikitoka, Mzee, natoka kama nani?"

Mwenyekiti alisema mambo hayo yataongelewa baadaye, sasa ni hatari. Mama Lenah aliketi.

Majani ya tumbaku yalionekana yakitobolewa mbele ya macho yetu. Mama Sellah alisema, "Jairus." Kikao hakijawahi kumsikia akimwita Mwenyekiti kwa jina.

Mwenyekiti alisimama. Alisema, kwa sauti iliyopita kelele za bati: "Unatoka kama mwenye koti. Leo, na Agosti, na siku zote. Na mtu akikuita yule wa koti, aje kwangu."

Bw. Mukhisa alilivua koti. Alikung'uta barafu mifukoni, akapangusa kola kwa kiganja, akalishika mabegani na kumfungulia shemeji yake alivae. Alisema, "Anza na mkono wa kushoto. Yeye alikuwa anaanza na wa kushoto."

Mama Lenah alimshukuru, akaanza na wa kulia.

KUMB. NA. 6/5/51: KUFUNGA

Mengineyo hayakuwapo. Wajumbe wote walikuwa uwanjani, wamesimama kwenye jua, wakimtazama mwenye koti akifungua vifungo. Kwa kuwa hakuna aliyerudi ndani, Mwandishi alihesabu kikao kuwa kimekwisha saa kumi na dakika tano alasiri, naye akatoka.

Sahihi: J. Wakhungu, Mwenyekiti
Sahihi: Mbugua, Mwandishi