Kibendera cha Gadi

Tabora, 4 Agosti 1949

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu yangu ni lile goti lako.

Usishtuke: mimi na Mwanamkuu tumefukuzwa kazi ya jikoni hotelini. Tuliomba siku moja ya kupumzika kwa juma, tukaambiwa basi tupumzike moja kwa moja. Mzee Abasi, fundi bati, ametupa baraza lake karibu na stesheni tupikie abiria. Majirani wameleta masufuria na kuni, wa misikitini na wa kanisani, na Mzee Abasi mwenyewe atatuchinjia kuku ili kila mtu ale bila wasiwasi. Nipe mpaka mvua za kwanza. Nikishindwa, nitarudi Kigwa kulima kama unavyotaka.

Mwanao, Tekla

Kigwa, 11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, mdomo mzima. Sipendi binti yangu apikie wapita njia, na shamba lako nimeliacha wazi likungoje. Lakini nakutumia kwa treni magunia mawili ya michembe, viazi tulivyokausha wenyewe. Wasije wakasema binti wa Bernardo anachemsha maji matupu.

Baba yako

Tabora, 2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Sina la heri. Gadi wa treni ya Dar es Salaam aliingia siku ya kwanza, akafunua sufuria, akawapigia abiria kelele: "Rudini! Hawa wanapika mbwa!" Kisha akabeba kuku mzima akaenda zake anacheka, ananiita mtumwa wake! Watu wakarudi kwenye mabehewa. Kafanya hivyo mara tatu sasa. Mwanamkuu anataka twende boma kumshtaki. Mimi nimechoka, baba. Niandalie jembe.

Tekla

Kigwa, 6 Septemba

Tekla,

Salamu baadaye. Kakuita mtumwa wake? Huyo ni Mzaramo! Wazaramo ni watani zetu sisi Wanyamwezi tangu tulipobeba mizigo kwenda Bagamoyo. Sisi tulikamata kuku wao, wao walituvua nguo, na hakuna aliyenuna. Misheni walikufundisha kusoma, utani wakausahau. Mwenzako anangoja umjibu, wewe unalia! Boma msiende, mtatuaibisha. Mnyang'anye kitu ambacho bila hicho hawezi kuondoka.

Baba yako

Tabora, 20 Septemba

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena! Jumatano nilikinyakua kibendera chake cha kijani, kile cha kuruhusu treni, nikapanda juu ya benchi: "Mtumwa wangu, treni haiondoki mpaka unitangazie chakula!" Dereva anapiga honi, stesheni masta anatazama saa. Gadi alicheka mpaka akakaa chini. "Nilidhani Wanyamwezi wameisha!" Akapita behewa hadi behewa: "Shukeni mle! Mbwa wa watumwa wangu ni kuku mtamu!"

Baba, masufuria yote yalikwisha! Mzee Abasi alichinja tena, Mwanamkuu akapika huku analia kwa furaha. Tangu siku ile hatubakizi hata ukoko, na Benedikta, mwosha vyombo wa hotelini, ameacha kazi kaja kwetu. Nina furaha siwezi kuiandika. Njoo ule.

Mwanao, Tekla

Kigwa, 18 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika salama, ila nimeshuka bila kofia. Mtani wako gadi kaichukua. Usimwombe, mzidishie chumvi kwenye mchuzi.

Nilikula kwenu mpaka nikalegeza mkanda, na nilijivuna mbele za watu, sikufichi. Huku mvua zimeanza. Lile shamba nililokuwekea nimelipiga lote matuta ya viazi vya masufuria yenu. Usirudi kulima.

Baba yako, mpagazi wa Bagamoyo