Sura ya Mwisho Uliiandika Wewe

Mama yangu uliyelala Ujiji,

Jana niliiona tena ile filamu ya mwandishi mzee na mkewe, tuliyoitazama pamoja kwenye banda la video, mwaka wa pili tangu tulipovuka ziwa kukimbia vita. Unakumbuka mke alivyonakili vitabu vya mumewe kwa mkono, na wageni wakamsifu mzee peke yake? Watu walilia. Wewe ukaninong'oneza, "Huyu angekuwa na dagaa juani, asingekaa hapo."

Nilicheka. Lakini wewe ulikuwa na dagaa juani, na ulikaa.

Macho ya Baba yalikuwa yamezima. Yeye alitamka kitabu chake, wewe ukaandika. Siku ile wingu lilipotanda ufukweni Kibirizi, wenzako walikuita kutoka mchangani, "Mama Neema, mvua hiyo! Njoo uanue!" Ukanyanyuka. Baba akasema, "Malizia kwanza sentensi. Ikipotea hairudi." Ukaketi, ukaimaliza. Dagaa wa wiki nzima wakaoza. Kesho yake wenzako wakakutania, "Haya, mwandishi, tupikie hizo karatasi tuonje." Ukacheka nao, kisha ukajifuta uso kwa kitenge.

Mwishoni maneno nayo yalimwishia Baba. Alitamka sentensi moja, akasinzia, nawe ukaendelea kuandika. Nilikuona, sikumwambia Baba. Homa ikakuchukua hata wino wa sura ya mwisho haujakauka.

Sasa mchapishaji amekikubali kitabu. Anataka jina la mwandishi. Karatasi bado zinanuka dagaa.

Leo asubuhi nilimsomea Baba sura ile, ya mwanamke anayetupa ziwani ufunguo wa nyumba asiyoweza kuirudia. Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Hapa niliandika vizuri," akasema.

"Baba, hapo aliandika Mama."

Alizipapasa karatasi, akazinusa. Kisha akauliza, "Siku ile ya mvua, dagaa wake walipona?"

"Hawakupona."

"Hakuniambia."

Nimeandika majina mawili, lako likiwa la kwanza. Baba hakupinga. Amegeukia ukutani tangu asubuhi, na chai yake imepoa.

Namshukuru kwa jambo moja: hakuniuliza mimi nilikuwa wapi mvua ilipoanza. Nilikuwa pale mlangoni, Mama, na kitabu changu cha shule mkononi. Niliwasikia wakikuita. Sikunyanyuka.

Pumzika. Hakuna tena wa kukuita.

Binti yako uliyemsomesha