Mche wa Ukingoni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya jana ilikuwa na hasira. Korongo limemeza jiko la kaka yangu — mafiga, sufuria, ukuta. Nyumba imebaki pembeni kabisa. Yeye anakunywa chai kana kwamba aliyepotelewa ni jirani.

Mjukuu wangu amekuja na wenzake wa kikundi cha mazingira, wana kamba na vigingi, wanapima ukingo. Wazee wanamwita Waziri wa Vumbi. Naye huitika!

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Mjukuu alieleza vizuri: pasipo mizizi ya kushika udongo, msimu huu safu nzima ya nyumba itakwenda. Miche wanayo, wameiotesha kwenye pakiti za maziwa.

Hapa kambini tunapanda mchicha, maharage, vitunguu — vitu vya kuvunwa kabla ya safari. Mti, hapana. Mti hupandwa kwenu. Ndivyo tulivyoishi tangu tulipokimbia vita, na watoto wetu wameota mvi wakingoja kurudi.

Kaka akainuka kwa fimbo. "Anayepanda mti hapa, ametuzika hapa."

Vijana wakainamisha vichwa. Wao wamezaliwa hapa. Kwao ndiko huku — nani aliwahi kuwauliza?

Jumapili, 9 Machi

Mjukuu ananiomba nipande mche wa kwanza, nyuma ya nyumba ya kaka, watu wote wakiona. Anasema nikianza mimi, wengine watafuata. Nikamwambia bibi yake alikufa masanduku yakiwa yamefungwa, tayari kwa safari.

"Najua, Babu," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyeyafungua."

Nimeshinda nikijaribu kukumbuka mlango wetu wa kule ulitazama upande gani. Wapi!

Jumatatu, 10 Machi

Mawingu mazito. Shimo vijana walishalichimba asubuhi. Wazee wamekuja wote, hata wasiotoka siku hizi. Nilipouchukua mche, kaka alitoka ndani, akaketi ukingoni mwa shimo, akatumbukiza miguu yote miwili.

"Haya, mdogo wangu. Fukia."

Hakuna aliyecheka. Nikarudi nyuma, nikakaa juu ya ndoo. Ndipo ninapoandika, mche mapajani. Mjukuu amechuchumaa kando ya kaka, anamnong'oneza. Kaka anatikisa kichwa. Sasa ameuliza kwa sauti mti huo unachukua muda gani kushika udongo. Mjukuu amemwekea babu yake mkubwa mkono begani, na matone yameanza, makubwa —