Mwalimu Alisema Gesi Inanuka

Muaither, Doha
Ijumaa mchana

Kwako Mama yangu,

Bwana asifiwe, Mama. Kabla ya lolote, goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umempa tena jirani? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku limeanza kupungua, na kazi kule ofisini Lusail inaendelea. Barua hii anakuletea Grace, yule nesi ninayekaa naye, kwa kuwa anakuja likizo. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usihangaike kutafuta mtu wa kukusomea. Kwa simu nimeshindwa. Kila nikianza kusema, unanikatiza: "Wacha hiyo, mwanangu. Umekula?"

Mdogo wangu Wafula ameniambia ulichowaambia ndugu za mpangaji wetu, Mwalimu Josephine, pale hospitali. Kwamba alikuletea habari ya gesi, nawe ukasahau kunifikishia, eti ni uzee. Mama, hukusahau. Ulinipigia siku hiyohiyo.

Maneno yako nayakumbuka. "Nekesa, Mwalimu wa nyumba ya nyuma anasema gesi inanuka jikoni. Ule mpira unaopita ukutani umechakaa. Nimeenda nikanusa mwenyewe, ni kweli." Nami nikakujibu, "Wapangaji hawakosi la kulalamika. Fundi amalize lango letu jipya kwanza. Mwambie afungue dirisha." Ukasema sawa. Nilikuwa nangoja picha ya lango hilo niwaonyeshe wenzangu ofisini.

Sasa kuna jambo hulijui. Siku chache baada ya simu yako, nilirudi kutoka kazini nikakuta jikoni kwetu hapa kunanuka gesi. Sikuvua hata viatu. Nilimpigia mwenye nyumba nikamwambia, "Mtungi ni wako, mpira ni wako, na kodi unapokea. Hatuwashi kitu hapa mpaka fundi aje." Hakubishana. Fundi alifika jua halijazama, akapaka povu la sabuni kwenye maungio, likafura palepale pa kuvuja. Akabadilisha mpira na kuutoa mtungi nje kwenye baraza. Nikajigamba kwa Grace kwamba ukijua haki yako, hakuna mtu wa kukuchezea.

Grace alikuwa amesikia simu yetu ile. Akaniuliza, "Na yule mwalimu wako, fundi wake anakuja lini?"

Nikasema nyumbani mambo ni tofauti. Aliendelea kukata vitunguu vyake.

Ningekupigia jioni ile, Mama. Simu ilikuwa mkononi. Sikukupigia, na sina sababu ya kukupa.

Wafula alinieleza yote baadaye. Kumbe Josephine alikuwa ameacha kabisa kutumia gesi, anapikia nje kwa makaa. Asubuhi ile mvua ikalowesha makaa, akataka kuchemsha maji ya mtoto tu. Dirisha alikuwa amelifungua, kama nilivyoagiza. Alipowasha kiberiti moto ukamrukia mikononi na shingoni. Namshukuru Mungu mtoto alikuwa kwako. Lakini hata shukrani hiyo siitoi kwa moyo mweupe, maana ni wewe uliyemsikia akipiga kelele, ni wewe uliyemmwagia maji, na sasa ni wewe unayebeba lawama yangu kanisani na sokoni.

Jumatatu nilimpigia Mwalimu. Dada yake alimshikia simu sikioni. Nikamwambia, "Mwalimu, Mama hakusahau. Mimi niliambiwa, nikaona lango ni muhimu kuliko wewe."

Akasema, "Nilijua. Mama yako anakumbuka hata siku za chanjo ya mwanangu, angesahau hilo? Nilimwachia aseme alichotaka kwa sababu alikuwa analia."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Mimi bado mikono inaniuma, Nekesa. Usiniharakishe." Akaniambia pia kwamba hatarudi katika nyumba ile, akija mtu kuchukua vyombo vyake afunguliwe. Mfungulie, Mama. Nyumba yenyewe ikae tupu. Asipangishwe mtu mwingine kwa sasa.

Nimemwomba Wafula atafute fundi wa gesi aliyesomea kazi hiyo. Yule wa lango asiguse. Apime nyumba zote, na wapangaji wasiwashe gesi mpaka amalize. Akisema ukuta uvunjwe, uvunjwe. Na kuanzia sasa mpangaji akisema kitu kinanuka, usiniulize mimi niliye mbali. Ita fundi kwanza, kisha unipigie.

Nawe ukiulizwa tena, usiseme ulisahau. Nakuomba. Sema binti yako aliambiwa. Kusikia unadanganya kwa ajili yangu, wewe uliyenichapa nilipodanganya kwa ajili ya sukari, ndiko kunaninyima raha.

Nisalimie Shangazi Robai, dada ya Baba, na umwambie asiwajibu watu kwa niaba yangu. Msalimie Wafula, aliyekwenda na Mwalimu hospitali huku amemshikilia njia nzima. Msalimie na mama mchungaji, aendelee kutuombea.

Salamu za Mwalimu Josephine sizitumi kwako. Nimeomba ruhusa kazini, nitampelekea mwenyewe, akitaka kunifungulia mlango.

Ni mimi binti yako,
Nekesa