Vikaratasi Viwili Ndani ya Kofia

Jumatano, 5 Machi

Tangazo limebandikwa leo kwenye chumba cha marubani, juu ya ile karatasi inayotukataza kuacha vikombe vichafu. Abiria hakuna, kwa hiyo marubani themanini na wanne tutabaki sitini. Watakata kwa orodha ya ukongwe — aliyeajiriwa mwisho anatoka kwanza. Tumeipiga picha kwa simu, mmoja mmoja, kama watu kwenye foleni ya choo.

Mimi ni wa sitini. Nimehesabu mara tatu kwa kidole.

Wa sitini na moja ni Pacha.

Alhamisi, 6 Machi

Si ndugu yangu huyo. Tuliajiriwa siku moja, miaka kumi na moja iliyopita, wote tumevaa sare zinazotupwaya, na mkuu wa marubani wa wakati ule akatuita mapacha. Jina likamganda yeye tu.

Orodha haikubali watu wawili nafasi moja. Mzee akavua kofia, akatia vikaratasi viwili, akatikisa. Pacha akatoa namba moja, mimi namba mbili. Aliye mbele ndiye anayechagua likizo kwanza, na mimi nilikuwa naolewa mwezi wa nane. Nikanuna. Mzee akageuka kupokea simu. Pacha akanibadilishia chini ya meza. "Shika bwana, kikaratasi tu hiki."

Likizo nikapata. Harusini alicheza mpaka soli ya kiatu ikabanduka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anafuta sahani, akaendelea kufuta ile ile moja. Karakana yake imefungwa tangu mwaka jana, tunakula kwa kazi yangu. Akasema orodha ni orodha, mama watoto, hukuiandika wewe. Kisha akauliza: yeye amesema chochote?

Hajasema.

"Basi na wewe usimkumbushe."

Ni mtu mwema, mume wangu. Kinachonichosha ni kwamba nilifurahi kuambiwa hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Ndege mbili zaidi zimeegeshwa, injini zimefunikwa maturubai mekundu. Mashine ya chai imeondolewa; chai sasa ni ya kununua ng'ambo ya ukumbi. Watu wanasalimiana kwa nyusi. Kapteni mmoja mnene, aliye juu kabisa kwenye orodha, kaulizwa kama hajisikii kuumwaumwa siku hizi. Tumecheka wote, naye akacheka, halafu akaenda kuketi peke yake dirishani.

Mmoja akanipa mkono: hongera, umeponea chupuchupu. Pacha alikuwa meza ya pili, anakula mkate. Akasema, "Anastahili." Hakuwa na kejeli hata kidogo. Afadhali angekuwa nayo! Nilikwenda msalani nikasimama tu mbele ya kioo.

Jumanne, 11 Machi

Barua mpya. Yeyote kati ya wale sitini anaweza kuondoka kwa hiari, mwisho Ijumaa saa kumi jioni, na anayemfuata atapanda nafasi moja. Fomu ziko ofisi ya utumishi. Nimechukua moja haraka haraka, nikaikunja kama niliyeiba.

Mke wa Pacha ana mimba ya miezi saba. Bima ni ya kampuni.

Binti yangu naye amelipiwa matibabu ya pumu na bima hiyo hiyo. Nisijifanye nimesahau.

Alhamisi, 13 Machi

Fomu nimeijaza yote. Bado sahihi tu. Mume wangu ameiona juu ya kabati na hakuuliza. Nimechoka mpaka kope.

Ijumaa, 14 Machi

Wale vijana wa chini ya orodha wameshapewa likizo bila malipo, kwa hiyo siku hizi makapteni tunapangwa wawili wawili. Leo mimi na Pacha. Atakaa kiti cha kulia, cha msaidizi. Amekipokea bila kinyongo, hata ameninyooshea kola.

Tumechelewa. Mafundi wanabadilisha tairi. Utumishi ni mlango wa tatu kutoka hapa, na tangu saa nane naandika ili mikono iwe na kazi.

Saa tisa na nusu alivuta kiti karibu. Alikwangua gundi mezani kwa ukucha. Halafu, polepole, bila kuniangalia: "Hivi unaikumbuka ile kofia ya mzee?"

Nimesubiri siku tisa aseme. Jibu nilikuwa nalo. Nimelifanyia mazoezi bafuni, nimelifanyia mazoezi kwenye gari.

Nikasema, "Kofia gani?"

Akaniangalia. Akacheka kidogo, cheko la kumwondolea mtu aibu. "Basi tu. Nimekumbuka mambo ya zamani." Akainuka, akauliza kama bado natumia sukari kijiko kimoja.

Bado.

Namwona kupitia kioo, ng'ambo ya ukumbi. Anapapasa mifukoni kutafuta chenji. Shati limemtoka nyuma, hajui.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Fomu iko chini ya daftari hili. Anarudi sasa, kikombe mkono huu na huu, anasukuma mlango kwa bega, na mimi nimeinamisha kichwa, naandika